Kuifanya Piano Iimbe: Mwongozo wa Nokturno ya Chopin

Piano ina kasoro moja kubwa, na kasoro hiyo ndiyo inayompa kazi kila anayetaka kuipiga kwa hisia: sauti yake huanza kufifia papo hapo inapotoka. Mpiga fidla anaweza kuianza noti kwa upole kisha akaikuza katikati. Mwimbaji vivyo hivyo. Wewe huwezi. Ukishabonyeza umemaliza, na kilichobaki ni kuisikiliza noti ikienda zake. Waliojifunzia kinanda cha kanisani huchelewa kuligundua hili, kwa sababu kinanda kile hushika sauti muda wote kidole kikiwa pale pale. Wakihamia kwenye piano hukandamiza noti ndefu kwa nguvu zote wakidhani wanairefusha, kumbe imeshaondoka.

Mambo yote nitakayokueleza hapa, yaani mguso, uwiano wa mikono, mwendo, rubato na pedali, ni njia tofauti za kuishi na kasoro hiyo. Ili tusielee hewani, nimechagua utungo mmoja: Nokturno ya Frédéric Chopin katika E-flati meja, Opus 9 namba 2. Ilichapishwa mwaka 1832, Chopin akiwa kijana wa miaka ishirini na ushee aliyekuwa ametua Paris karibuni akitokea Poland. Aliitunuku kwa Marie Pleyel, mpiga piano hodari, mke wa Camille Pleyel aliyekuwa akitengeneza piano ambazo Chopin alizipenda kuliko nyingine. Aina yenyewe ya utungo hakuibuni yeye. John Field, Muairishi wa Dublin aliyeishi miaka mingi Urusi, ndiye aliyemtangulia. Nokturno hii ina vipimo 34 tu. Mwanafunzi aliyejifunza miaka michache anaweza kuzipata noti zake, na hiyo ndiyo sababu inaharibiwa mara nyingi kuliko tungo ngumu zaidi.

Anza na kidole. Bonyeza kibonyezo chochote polepole kabisa, taratibu kiasi kwamba noti isilie. Utahisi kama kizuizi kidogo karibu na chini. Kibonyezo hushuka kwa takribani milimita 10, na kabla hakijafika mwisho, nyundo huachiwa ikaruka yenyewe kuelekea kwenye waya. Huo ndio ubunifu wa Bartolomeo Cristofori wa Florence, aliyetengeneza piano ya kwanza mnamo mwaka 1700. Maana yake kwako ni hii: wakati nyundo inapougusa waya, kidole chako hakina tena mamlaka juu yake. Kinachoamua ukubwa na rangi ya sauti ni kasi ya nyundo peke yake, ukiongeza na kelele ndogo ya kidole kukipiga kibonyezo na ya kibonyezo kugonga chini. Kufumba macho, kuyumba, kutikisa kidole juu ya noti ambayo imeshalia, hakuna hata kimoja kinachoufikia waya. Sisemi ukae kama gogo. Mwili uliolegea hukusaidia kuitawala kasi ile. Ninachosema ni kwamba hisia isiyoingia kwenye kasi ya nyundo inaonekana tu, haisikiki.

Fanya zoezi hili kwa siku kadhaa kabla hujaigusa nokturno yenyewe. Chagua noti moja katikati ya piano, uipige kwa sauti ndogo kuliko zote unazoweza, kisha ndogo zaidi, mpaka siku moja ikatae kulia. Hapo ndipo mpaka wako ulipo. Halafu panda ngazi kwa hatua: ndogo sana, ndogo, ya kati, kubwa. Wengi wana ngazi mbili tu, kwa upole na kwa nguvu. Ukipata sita una rangi za kutosha kuichora nokturno nzima. Tumia nyama ya kidole, siyo ncha karibu na ukucha. Nyama haibadilishi chochote ndani ya piano, ila inakupa wewe breki.

Chopin mwenyewe aliwaanzishia wanafunzi wake ngazi ya B meja, siyo C. Katika B meja vidole virefu hulala juu ya vibonyezo vyeusi na vifupi hubaki kwenye vyeupe, mkono ukatulia kwa umbo lake la asili. C meja, ambayo sisi sote tulianza nayo, aliiweka mwisho kwa kuwa haina mahali pa kujishikiza. Mwalimu wako akikushangaa ukianza na B, mwambie Chopin alikuwa na sababu.

Sasa fungua ukurasa wa kwanza. Melodi inaanza na B-flati peke yake, inaruka hadi G, inaikalia, kisha inashuka. Imba mruko huo kwa mdomo. Hata kama sauti yako inakwaruza, imba, hakuna anayekusikiliza. Utaona kwamba hukurukia G kwa pupa. Ulijiandaa, ukaichukua pumzi kidogo, ukafika. Muda huo mdogo wa kufika ndio unaoufanya mruko usikike kama mruko. Mpiga piano haupati bila kuutafuta, kwa kuwa kwake G ni kibonyezo kingine tu kilicho umbali wa kidole kunyooka. Kipimo cha pili kina mruko mpana zaidi, oktava nzima kutoka C hadi C, nao unahitaji muda zaidi, siyo nguvu zaidi. Kosa la kawaida ni kuzipiga noti za juu kwa kishindo kwa sababu ziko juu.

Baada ya G kuja F. Hapa ndipo penye siri ya legato, yaani kuziunganisha noti, na naomba usome taratibu. G uliyoipiga imekuwa ikififia tangu ilipolia. Ukiipiga F kwa nguvu ile ile uliyoianzia G, F itatokeza kama imesukumwa kutoka nyuma, na mstari utakatika hata kama vidole vyako vimeungana vizuri. F inapaswa kuingia pale G ilipofikia, siyo pale ilipoanzia. Kwa hiyo noti ndefu hupewa zaidi kidogo ya unavyodhani inahitaji, maana ina safari, na noti inayofuata hupunguzwa ili iipokee. Sikiliza mkia wa G hadi dakika ya mwisho, kisha uweke F ndani ya mkia huo. Zoezi hili ni la sikio, kidole hutii tu. Lifanye kwa mkono wa kulia pekee, bila pedali, katika vipimo vinne vya kwanza, na usiende mbele mpaka uusikie mstari mmoja mahali pa noti nyingi.

Wanafunzi wa Chopin wameeleza kwamba alitaka kifundo cha mkono kipumue kama mwimbaji anavyopumua. Kwa vitendo ni kwamba mwisho wa kila sentensi ya muziki kifundo kinainuka kwa wepesi, noti ya mwisho inaachwa ikiwa laini, na kifundo kinashuka tena na noti ya kwanza ya sentensi mpya. Weka alama ya penseli kila mahali ambapo mwimbaji angevuta pumzi. Ukiona umepiga vipimo vinane bila alama hata moja, mwimbaji wako amekufa.

Mkono wa kushoto una kazi ambayo wanafunzi huidharau. Kipimo cha 12/8 kina mapigo makubwa manne, na kila pigo mkono wa kushoto hupiga besi moja halafu kodi mbili, yaani noti kadhaa zinazolia kwa pamoja. Hizi ni sauti za ngazi tatu: melodi ya kwanza, besi ya pili, kodi ya tatu, na tofauti kati ya melodi na kodi iwe kubwa kuliko unavyoona aibu kuifanya. Kodi zile zikilia kwa nguvu moja na besi, unapata mwendo wa waltsi ya harusini. Besi ni sakafu, kwa hiyo iache ilie na ishikwe na pedali. Kodi zinapita tu. Njia nzuri ya kulizoesha sikio ni kupiga melodi kwa sauti kamili huku mkono wa kushoto ukigusa vibonyezo vyake bila kuviliza kabisa. Ukiweza hivyo, uruhusu ulie kidogo mno, kisha ongeza besi pekee. Mikono miwili itakapozoea kutofautiana, umeshapita kizingiti kigumu kuliko vyote katika upigaji huu.

Kuhusu mwendo. Chopin aliandika Andante, mwendo wa kutembea, na akaongeza kipimo cha metronomu: noti za sehemu ya nane 132 kwa dakika, sawa na mapigo makubwa 44. Piga hesabu na utaona vipimo 34 vinachukua dakika tatu na kidogo. Rekodi nyingi za leo huzidi dakika nne. Tumeizoea nokturno ya kusinzia, na mtu akiipiga kwa mwendo ulioandikwa tunamwona hana hisia. Mimi nasimama upande wa maandishi, na sababu ni ile ile ya mwanzo: unavyopunguza mwendo, ndivyo kila noti ndefu inavyopata muda mwingi wa kufifia, na ndivyo inavyokuwa vigumu kuziunganisha. Wanaofaulu kuipiga polepole ni wale walio na piano kubwa ya ukumbini na sikio la hali ya juu. Kwenye piano ya sebuleni, mwendo wa haraka kidogo utakuokoa. Usilazimike kufika 132 kamili. Ukiwa kwenye 115 au 120 melodi bado inaweza kushikana.

Rubato, yaani kuchelewesha na kuwahisha noti, ndilo neno linalowapotosha wengi. Huchukuliwa kuwa ni ruhusa ya kukimbia na kusimama popote moyo unapotaka. Karol Mikuli, aliyefundishwa na Chopin na baadaye akachapisha tungo zake, ameeleza kwamba metronomu haikuondoka kwenye piano ya mwalimu wake. Mwanafunzi mwingine, Wilhelm von Lenz, amesimulia kwamba kwa Chopin mkono wa kushoto ndio uliokuwa kiongozi wa okestra, unaotunza mapigo, na wa kulia ukawa huru juu yake. Aliyekulia na taarabu hahitaji maelezo marefu hapa: mwimbaji hulichelewesha neno, akaliwahi jingine, na ngoma haimsubiri. Chopin aliwahimiza wanafunzi wake wawasikilize waimbaji wa opera ya Kitaliano kwa nia hiyo hiyo.

Ukitaka kuijifunza rubato ya namna hii, fuata mpangilio ufuatao. Piga mkono wa kushoto peke yake na metronomu mpaka uweze kuzungumza na mtu huku unapiga. Kisha zima metronomu, piga kushoto vile vile, na uimbe melodi juu yake kwa mdomo, ukiiacha ichelewe na kuwahi. Mkono usifuate mdomo. Mwisho weka mkono wa kulia mahali pa mdomo. Itakuchukua muda mrefu kuliko kujifunza noti zenyewe. Ni kweli kwamba upo wakati ambapo mikono yote miwili hupunguza mwendo pamoja, hasa mwisho wa sehemu, na Chopin mwenyewe ameweka alama za kupunguza. Lakini uhuru huo wa pamoja utumie kwa ubahili. Kila ukichukua muda mahali, jiulize utaulipa wapi.

Melodi ya mwanzo inarudi mara tatu, kwenye kipimo cha 5, cha 13 na cha 21, na kila ikirudi imevaa mapambo zaidi. Hili ni somo ambalo Chopin amekuandikia tayari: usirudie jambo kwa namna ile ile. Amua kabla. Kwa mfano, mara ya kwanza useme kwa unyofu, mara ya pili kwa kujiamini, mara ya tatu kana kwamba unakumbuka, na ya nne uiache ikujie yenyewe. Andika maamuzi yako kwa penseli juu ya mstari, ukipenda kwa Kiswahili. Neno lolote linalokupa sauti kichwani linatosha.

Mapambo yenyewe yasikutishe wala yasikuharakishe. Noti ndogo ndogo ni sehemu ya melodi, siyo vumbi la kupanguswa haraka. Katika nakala za wanafunzi wake Chopin alichora mistari ya kuunganisha noti ndogo ya pambo na besi iliyo chini yake, akionyesha kwamba pambo linaanza pamoja na pigo, siyo kabla yake. Ukilitanguliza, noti kuu ya melodi inaangukia pigo kwa ukali. Ukilianza na pigo, noti kuu inachelewa kwa upole, na huo tayari ni rubato bila jasho. Mtetemo wa noti mbili nao aliuanzia noti ya juu. Pale penye noti nyingi kwenye pigo moja, usizigawe kwa hesabu sawa. Anza kwa utulivu, zitiririke katikati, zitulie tena mwishoni.

Pedali ya kulia huinua vizuia-sauti vyote ili waya ziendelee kulia. Kanyaga baada ya besi kulia, siyo pamoja nayo. Besi mpya inapolia mguu unainuka, sauti ya zamani inakatika, kisha mguu unashuka tena kuishika hii mpya. Mguu unachelewa nyuma ya mkono kwa nukta kidogo, na mtu hasikii mahali sauti zinapoungana. Chopin ameweka alama za pedali kwa uangalifu, karibu kwa kila pigo. Zifuate kwanza, kisha sikiliza. Piano za Pleyel za wakati wake zilififia haraka kuliko zetu, hivyo alama ile ile kwenye piano ya leo inaweza kuleta ukungu, hasa melodi inaposhuka kwa noti za jirani. Hapo inua mguu nusu tu, vizuia-sauti viguse waya bila kuzizima. Mguu mzuri hauko juu wala chini muda mwingi, unaishi katikati.

Pedali ya kushoto usiifanye mkongojo. Kwenye piano kubwa ya kulala inasogeza nyundo pembeni zipige waya chache, na rangi inabadilika kweli. Kwenye piano ya kusimama inazisogeza nyundo karibu na waya tu, sauti ikapungua na mguso ukalegea. Itumie mahali pa rangi, siyo mahali pa kidole kisichoweza kupiga kwa upole.

Karibu na mwisho muziki unapanda hadi kilele chake, con forza (kwa nguvu), sauti kubwa kuliko popote katika utungo huu, kisha linakuja fungu la noti ndogo za mkono wa kulia, senza tempo (bila kushika mapigo), kikundi kidogo cha noti nne kinachojizungusha tena na tena. Huu ndio mtego. Vidole vikishaijua njia, vinataka kukimbia, na kila noti ya kwanza kati ya nne inaanza kugonga kama cherehani. Jifunze kikundi hicho polepole ukiweka mkazo kwenye noti ya pili, siku nyingine ya tatu, siku nyingine ya nne, mpaka mkazo wa kwanza ufe. Kisha anza taratibu, kimbia katikati, punguza mwendo na sauti kwa pamoja, na usitie nukta mwishoni mwake: uiache noti ya mwisho idondokee kwenye melodi. Kodi za kufungia zimeandikwa ppp, yaani kwa sauti ndogo mno. Watu huogopa zisije zikasikika kubwa, wakazigusa juu juu, na kweli noti moja au mbili hazilii. Bonyeza polepole lakini mpaka chini kabisa, vidole vyote vikishuka kama kitu kimoja.

Neno kuhusu karatasi. Nakala nyingi za bure mtandaoni ni matoleo ya zamani ambayo wahariri walijazia alama zao, na huwezi kujua ipi ni ya Chopin. Ukiweza tafuta toleo la Henle, au Toleo la Taifa la Poland lililohaririwa na Jan Ekier, ambalo pia linaonyesha mapambo mbadala ambayo Chopin aliwaandikia wanafunzi. Hayo mbadala ni ruhusa kutoka kwa mwenyewe: hakuipiga nokturno hii kwa namna moja.

Kisha sikiliza, lakini baada ya kuamua mambo yako, siyo kabla. Sergei Rachmaninoff aliirekodi mwaka 1927, na mstari wake hauna hata tone la sukari. Raoul Koczalski, aliyefundishwa na Mikuli, aliirekodi miaka ya 1930 pamoja na yale mapambo mbadala. Arthur Rubinstein ana nokturno zote, na Maria João Pires pia. Wasikilize wawili kwa siku moja ukifuata karatasi, na utie alama pale wanapotofautiana. Ukimsikiliza mmoja mara hamsini utamwiga, na kuiga kutakunyima sikio lako mwenyewe.

Kuhusu chombo ulichonacho: kibodi ya vibonyezo 61 vyepesi haitakufundisha mguso, hata ukifanya mazoezi usiku kucha. Piano ya kidijitali yenye vibonyezo 88 vizito inafaa, mradi pedali yake iwe ya kupimika. Zile za bei ndogo zina hali mbili tu, juu na chini, na nusu pedali haipo. Ukiwa na piano ya waya mahali kama Mombasa, Tanga au Unguja, joto na unyevu wa bahari vitaivuruga tuni na kuzitia waya kutu, kwa hiyo iweke mbali na dirisha na mwite fundi mara mbili kwa mwaka.

Jirekodi kwa simu kila wiki, vipimo vinne tu, na usikilize siku inayofuata, siyo muda huo huo. Utasikia kodi za kushoto zinapiga kelele kuliko ulivyodhani, na F imetokeza mbele ya G. Rudi hapo. Usiongeze kipimo cha tano mpaka vinne vya mwanzo vimekuridhisha.